Kubadilisha muziki wa chinichini wa gemu ya kompyuta: kulipata faili, kuunga mzunguko, kusawazisha sauti

Gemu haijui wimbo. Inachojua ni kwamba ndani ya folda fulani pana faili lenye jina fulani, na ikilifungua itakuta fomati inayoweza kuisoma. Ukizingatia jina na fomati, gemu itapiga chochote utakachoiwekea. Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Kinachokula muda ni kulitafuta faili, na kuuandaa wimbo mpya ili mwisho wake uungane na mwanzo bila mchezaji kusikia kiungo.

Maelezo haya ni ya gemu za kucheza peke yako. Gemu za mashindano ya mtandaoni ziache kama zilivyo. Nyingi zina ulinzi dhidi ya udanganyifu unaokagua mafaili, na ulinzi huo haumtofautishi aliyebadilisha wimbo na aliyebadilisha kitu kingine. Akaunti inaweza kufungiwa kwa ajili ya ngoma tu.

Zana zinazohitajika ni tatu, zote za bure: ffmpeg ya kugeuza na kupima sauti kwa amri (pamoja na ffprobe inayokuja nayo, ya kusoma sifa za faili), Audacity ya kukata na kuhariri sauti, na vgmstream kwa ajili ya fomati za ajabuajabu za gemu.

Kwanza angalia kama gemu yenyewe inakuruhusu

Kabla ya kuchokonoa chochote, pitia mipangilio ya sauti na folda ya gemu iliyo ndani ya Documents. Euro Truck Simulator 2 ina folda ya `music` humo. Weka MP3 au OGG zako, nazo zitasikika ndani ya lori. The Sims 4 ina `Custom Music`. GTA San Andreas ina `User Tracks`, na ukishaweka nyimbo unaiamuru gemu ikague folda hiyo kupitia menyu ya sauti. Kama gemu yako ina mlango wa namna hii, pita hapo, usivunje ukuta.

Hatua ya 1: Pata muziki ulipo

Kwenye Steam, bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Manage", kisha "Browse local files". Utafikishwa kwenye folda ya gemu ndani ya `steamapps/common`. Tafuta folda zenye majina kama `music`, `bgm`, `audio`, `sound` au `ost`. Usipoziona, tafuta kwa kiendelezi: `.ogg`, `.mp3`, `.wav`, `.flac`, `.mid`. Panga matokeo kwa ukubwa. Muziki ndio mkubwa. Mlio wa risasi au wa mlango ni wa kilobaiti chache tu.

Majina ya mafaili mara nyingi hayakwambii kitu. Yasikilize moja baada ya jingine, huku ukiandika pembeni lipi linapigwa wapi. Kwa gemu yenye mafaili mamia kuna njia ya mkato kwenye Windows: Process Monitor ya Microsoft. Ifungue, weka kichujio cha jina la programu ya gemu na kingine cha operesheni ya `ReadFile`, ingia kwenye gemu, nenda mahali muziki unapobadilika, halafu rudi uone ni faili gani lilianza kusomwa sekunde hiyo. Kwenye Linux, `lsof` inafanya kazi hiyohiyo.

Ukiona badala yake mafaili machache makubwa ya `.bank`, `.pck`, `.pak` au `.assets`, muziki umefungashwa. Hayo yana sehemu yake huko chini.

Hatua ya 2: Weka akiba ya mafaili ya asili

Nakili folda nzima ya muziki na uiweke nje kabisa ya folda ya gemu. Usiyaache mafaili ya asili palepale kwa majina kama `wimbo_zamani.ogg`. Zipo gemu zinazosoma kila kilichomo ndani ya folda na kukichanganya kwenye orodha, kwa hiyo utayasikia yote mawili.

Folda ya pili iwe ya muziki wako mpya, nayo pia ikae nje. Gemu ikipata sasisho, au ukiitumia ile kazi ya Steam ya kuhakiki mafaili, kila ulichobadilisha kinaweza kufutwa na cha asili kurudishwa. Ukiwa na nakala, ni suala la kubandika tena.

Hatua ya 3: Soma sifa za faili la asili

Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

`ffprobe asili.ogg`

Kwenye mistari ya mwisho utapata kitu kama hiki:

`Audio: vorbis, 44100 Hz, stereo, fltp, 160 kb/s`

Hapo kuna mambo manne ya kunakili: kodeki, yaani namna sauti ilivyofungashwa (vorbis), idadi ya sampuli, yaani vipande vidogo kabisa vya sauti, kwa sekunde (44100), chaneli (stirio) na kasi ya data. Matatu ya kwanza yafuate bila ubishi. La nne lina nafasi ya kupanda au kushuka. Nakili pia urefu wa wimbo, na kama kuna mistari yenye neno LOOP, nakili kila tarakimu iliyomo.

Usikiamini kiendelezi. Wapo watengenezaji wanaoyapa mafaili jina la `.dat` au `.snd` kumbe ndani ni OGG ya kawaida. Ukilifungua faili kwa programu ya maandishi, herufi za kwanza zitakufichulia: `OggS` ni OGG, `RIFF` kwa kawaida ni WAV, `fLaC` ni FLAC, `MThd` ni MIDI, na `PK` ni zip iliyovishwa jina jingine.

Hatua ya 4: Jaribu kwa mlio kabla ya kuhangaika na wimbo

Wengi hukata wimbo saa nzima, kisha wanagundua kuwa faili walilobadilisha silo. Tengeneza kwanza mlio wa mfululizo usioweza kuchanganywa na kitu kingine:

`ffmpeg -f lavfi -i "sine=frequency=440:duration=60" -ar 44100 -ac 2 -c:a libvorbis jaribio.ogg`

Lipe jina lilelile la faili la asili, liweke mahali pake, washa gemu. Ukisikia mlio, jina, mahali na fomati ni sahihi. Ukisikia wimbo wa zamani, umekosea faili, au gemu inasoma nakala nyingine. Ukisikia kimya, gemu imelifikia faili ila imeshindwa kulisoma. Rudi kwenye sifa za hatua ya 3. Majibu hayo matatu yanakuokolea muda mwingi kuliko zana yoyote.

Hatua ya 5: Badili fomati ya wimbo mpya

Kubadili jina kutoka `.mp3` kwenda `.ogg` hakubadilishi kilichomo. Gemu itafungua, itakutana na MP3, itanyamaza au itajizima. Amri inayofaa gemu nyingi ni hii:

`ffmpeg -i wimbo.flac -vn -map_metadata -1 -ar 44100 -ac 2 -c:a libvorbis -q:a 5 wimbo.ogg`

Sehemu ya `-vn` inaonekana ndogo lakini ndiyo muhimu kupita zote. Nyimbo nyingi zilizonunuliwa zina picha ya jalada ndani yake. Bila `-vn`, ffmpeg inaweza kuigeuza picha hiyo kuwa video ndani ya OGG, na gemu iliyotarajia sauti tupu hujifunga bila maelezo. `-map_metadata -1` inafuta lebo za msanii na albamu. `-q:a 5` inatoa takriban kilobiti 160 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa muziki unaosikika nyuma ya milio ya gemu.

Gemu za zamani zinazotumia WAV zina ukali wake. Baadhi hudhani kwamba kichwa cha faili ni baiti 44 kamili na kwamba baada yake sauti inaanza. ffmpeg huweka kipande kidogo cha maandishi katikati, na gemu ya aina hiyo hukipiga kama sauti, nawe unasikia mkwaruzo mfupi mwanzoni. Dawa yake ni `-bitexact`:

`ffmpeg -i wimbo.flac -vn -map_metadata -1 -bitexact -ar 22050 -ac 1 -c:a pcm_s16le wimbo.wav`

Tarakimu 22050 na 1 hapo ni za mfano wa gemu ya zamani. Tumia zile ulizozisoma kwenye faili la asili. Ukiipa sampuli 44,100 gemu inayodhani ni 22,050 bila kuangalia, wimbo utapigwa taratibu mara mbili na sauti itashuka oktavu nzima.

Mzunguko: hapa ndipo kazi ilipo

Wimbo wa kawaida una mwanzo na mwisho, unafifia, unanyamaza. Muziki wa gemu hauna mwisho. Mchezaji anaweza kukaa kwenye chumba kimoja dakika 3 au saa nzima, na gemu italirudia faili kila linapokwisha. Ukiuweka wimbo unaofifia jinsi ulivyo, kila baada ya dakika chache gemu itazama kimya, kisha wimbo utaanza tena kwa kishindo. Mara ya kwanza utavumilia, mara ya kumi utauzima.

Tuanze na hesabu, maana mzunguko unapimwa kwa sampuli. Sekunde zenye nukta mbili hazina usahihi wa kutosha. Chukua wimbo wa midundo 100 kwa dakika, wenye midundo 4 katika kila kipimo. Mdundo mmoja ni sekunde 0.6, kipimo ni sekunde 2.4. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kipimo kimoja ni sampuli 105,840. Wimbo wenye kianzio cha vipimo 4 na mwili wa vipimo 32 una kianzio cha sampuli 423,360 na mwili wa sampuli 3,386,880. Unachotaka ni kianzio kisikike mara moja tu, mwili ujirudie daima.

Injini kadhaa, yaani programu za ndani zinazoendesha gemu, hukuruhusu kuisema hivyo kwa lebo ndani ya OGG. RPG Maker, zana ya kutengenezea gemu, husoma `LOOPSTART` na `LOOPLENGTH`. GZDoom, programu ya kuendeshea Doom leo, husoma `LOOP_START` na `LOOP_END`. Angalia tofauti: ya kwanza inataka urefu wa mzunguko, ya pili inataka mahali mzunguko unapoishia. Ukizichanganya, wimbo utaruka katikati ya kipimo, nawe utatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Lebo zinaandikwa kwenye Audacity wakati wa kuhamisha faili, au kwa amri ya vorbiscomment, ambayo haimo kwenye zile zana tatu bali huja na vorbis-tools:

`vorbiscomment -a -t "LOOPSTART=423360" -t "LOOPLENGTH=3386880" wimbo.ogg`

Lebo ziwekwe mwisho, baada ya ugeuzaji wote. Ukiweka lebo kwa faili la 44,100 kisha ukaligeuza kuwa 48,000, tarakimu hazibadiliki zenyewe: 423,360 ambayo ilikuwa sekunde ya 9.6 sasa ni sekunde ya 8.82, na mzunguko unakatia ndani ya kianzio. Thamani sahihi kwa 48,000 ni 460,800 na 3,686,400.

Sasa tatizo la mkia. Ala zina mwangwi: tari la mwisho linapigwa, sauti yake inaendelea kuelea sekunde moja au mbili. Ukikata hasa mwisho wa kipimo cha 36, mwangwi unakatwa kama kwa kisu, na kiungo kinasikika hata kama midundo imelingana kikamilifu. Mtu aliyeutengeneza wimbo mwenyewe, mwenye mradi wake mkononi, ana njia safi. Usihamishe vipimo 36. Acha mwili uanze mara ya pili na uhamishe vipimo 40: kianzio 4, mwili 32, na vipimo 4 vya mwanzo wa marudio. Kisha weka mwanzo wa mzunguko mwishoni mwa kipimo cha 8, yaani sampuli 846,720, na urefu ubaki 3,386,880. Mzunguko unaishia sampuli 4,233,600, mwisho kamili wa kipimo cha 40. Mkia wa kipimo cha 36 umeshamwagikia ndani ya kipimo cha 37 kwa njia ya kawaida, na gemu inarukia mahali ambapo pande zote mbili ni muziki uleule. Mzunguko hauna lazima ya kuanzia pale mtunzi alipoanzia mwili. Lazima yake ni umbali tu.

Kama huna mradi, una wimbo uliokamilika tu, fanya hivi kwenye Audacity:

1. Tafuta sehemu mbili zinazofanana kwa ala na nguvu, kwa mfano mwanzo wa ubeti wa kwanza na mwanzo wa ubeti wa pili. Kiitikio cha mwisho kiepuke, kwani huwa na vitu vilivyoongezwa.
2. Kuza picha ya mawimbi mpaka uone pigo la kwanza la ngoma, uchague kuanzia kabla tu ya pigo hilo hadi kabla tu ya pigo linalolingana nalo huko mbele.
3. Bonyeza Z. Kingo za uteuzi zitasogea mpaka pale wimbi linapokatiza sifuri. Ukikata wimbi likiwa juu au chini, spika hurushwa ghafla na unasikia kidoko.
4. Nakili sekunde 4 za mwisho za uteuzi kwenye track tupu ya Audacity, ubandike baada yake sekunde 4 za mwanzo wa uteuzi. Sikiliza kiungo hicho peke yake, tena na tena, bila kutazama skrini. Jicho likijua kiungo kilipo, sikio linadanganyika.
5. Kidoko kikibaki, changanya kingo kwa milisekunde 10 hadi 20. Zaidi ya hapo ngoma itasikika mbilimbili.

Gemu isiyojua lebo hurudia faili zima. Kwa gemu hiyo kianzio hakina nafasi. Kata kiondoke na uache mwili tu.

Na MP3? Ikwepe kila unapoweza. MP3 hufungashwa kwa fremu za sampuli 1,152. Ufungashaji huongeza kimya mwanzoni, mara nyingi zaidi ya sampuli elfu moja pamoja na ile ya usomaji, yaani kama milisekunde 25, na fremu ya mwisho hujazwa kimya ili itimie. Vicheza muziki vizuri hulijua hilo na huvikata vimya hivyo. Injini nyingi za gemu hazijishughulishi. Utasikia mdundo ukijikwaa kila mzunguko, na hakuna ukataji wa Audacity utakaouponya, maana kimya kinaongezwa baada ya kukata. OGG Vorbis hutunza urefu wa wimbo kwa sampuli kamili.

Ukubwa wa sauti

Kosa la pili kwa wingi baada ya mzunguko ni wimbo unaopiga kelele. Nyimbo za kisasa hubanwa ziwe na sauti kubwa, muziki wa gemu huachwa chini ili hatua, mapanga na mazungumzo yasikike. Usikadirie kwa sikio, pima:

`ffmpeg -i asili.ogg -af ebur128 -f null -`

Kwenye muhtasari wa mwisho soma tarakimu iliyo mbele ya `I:`. Pima wimbo mpya vilevile. Kama wa asili ni -19.5 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) na mpya ni -9.0, tofauti ni 10.5, kwa hiyo ongeza `-af volume=-10.5dB` kwenye amri ya kugeuza. Ukihitaji kupandisha badala ya kushusha, pima vilele kwanza kwa `-af volumedetect` na uache desibeli 1 ya nafasi juu, la sivyo sauti itapasuka.

Nyimbo zenye maneno hupigana na mazungumzo ya wahusika hata zikishushwa, na baada ya marudio 20 maneno yaleyale huchosha kuliko melodia. Ala tupu ni chaguo salama.

Gemu tatu zinazofaa kuanzia

Quake ya 1996 ilipiga muziki moja kwa moja kutoka kwenye CD. Track ya kwanza ya diski ilikuwa data ya gemu, kwa hiyo muziki unaanzia track ya 2 na kuishia ya 11. Ukiiendesha leo kwa QuakeSpasm au vkQuake, programu za kuendeshea Quake kwenye kompyuta za sasa, unatengeneza folda ya `music` ndani ya `id1` na kuweka `track02.ogg` hadi `track11.ogg`. Anayeanza na `track01.ogg` husogeza nyimbo zote nafasi moja na kushangaa kwa nini kila ramani inapiga wimbo wa jirani. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: `Track02.OGG` haitaonekana.

Doom ya 1993 yenyewe hutumia fomati yake ya MUS, lakini GZDoom hupokea OGG, FLAC, MP3 na MIDI. Kila wimbo una jina la herufi zisizozidi 8: `D_E1M1` kwa ramani ya kwanza ya Doom, `D_RUNNIN` kwa ya kwanza ya Doom II. Tengeneza folda ya `music`, weka humo `D_E1M1.ogg`, ifunge folda hiyo kuwa zip, badilisha kiendelezi kiwe `.pk3`, kisha endesha `gzdoom -file muziki.pk3`. Faili la asili halijaguswa hata baiti moja, na kuurudisha muziki wa zamani ni kuacha kutaja pk3 yako. Kwa sababu hiyo tu, Doom ni shule nzuri kuliko zote. Kama shida yako si nyimbo bali jinsi zinavyolia, usibadilishe wimbo wowote: badilisha soundfont, yaani faili la sauti za ala, inayotumika kupigia MIDI, na gemu nzima itapata ala mpya.

Minecraft ya Java hutumia vifurushi. Ndani ya `.minecraft/resourcepacks` tengeneza folda yenye faili la `pack.mcmeta`:

`{"pack": {"pack_format": 34, "description": "Muziki mpya"}}`

Tarakimu 34 ni ya toleo la 1.21 na 1.21.1, toleo la 1.20.1 ni 15. Kisha weka nyimbo kwenye `assets/minecraft/sounds/music/game/`, kwa majina ya asili kama `calm1.ogg`, na za menyu kwenye `music/menu/`, `menu1.ogg` hadi `menu4.ogg`. Majina yawe ya herufi ndogo bila nafasi. Usitafute za asili kwa majina hayo kwenye diski, kwani zimehifadhiwa ndani ya `assets/objects` kwa majina ya tarakimu na herufi yasiyosomeka. Muziki wa Minecraft hupigwa kwa bahati nasibu ukiachana kwa dakika kadhaa, kwa hiyo usikae kuusubiri: washa kifurushi, ubonyeze F3 na T kukisoma upya, kisha uandike `/playsound minecraft:music.menu music @s`. Kifurushi kisipoonekana kabisa, angalia kama `pack.mcmeta` iko juu kabisa ya zip. Watu hufunga folda iliyo ndani ya folda, na gemu haichungulii ngazi ya pili.

Muziki uliofungashwa

Ukikuta vifurushi vya injini, fungua kwanza kwa vgmstream. Amri ya `vgmstream-cli -m faili` huonyesha kodeki, sampuli, na kama kuna mzunguko, mwanzo na mwisho wake kwa sampuli. Hizo ndizo tarakimu ambazo wimbo wako unapaswa kuzitii, kwa sababu mara nyingi mzunguko umeandikwa kwenye kifurushi, nje ya wimbo.

Gemu za Unity huweka sauti kwenye mafaili ya `.resource` ndani ya folda inayoishia na `_Data`. UABEA, programu ya kuhariri mafaili ya Unity, hufikia sauti hizo kupitia mafaili ya `.assets`, ila kuweka sauti mpya kuna adha. Kama gemu ina jamii ya watu wanaotumia BepInEx (mfumo wa kuweka viongezi kwenye gemu za Unity), kiongezi chao cha muziki ni njia fupi. Wwise, mfumo wa sauti unaotumiwa na gemu nyingi, huyapa mafaili ya `.wem` majina ya namba, na kugeuza wimbo kuwa `.wem` kunahitaji programu ya Wwise yenyewe. Gemu nyingi za Unreal hupokea `.pak` ya ziada ikiwekwa ndani ya `Content/Paks/~mods`, ikiwa jina lake linaishia na `_P`. Skyrim ni rahisi kidogo: faili lililo wazi ndani ya `Data/music`, kwa njia na jina lilelile la asili, hushinda lile lililofungwa kwenye BSA, vifurushi vya gemu hiyo.

Zana inayobandika wimbo juu ya wimbo ndani ya kifurushi kimoja huwa na kikomo: mpya usizidi wa zamani. Ufupishe, au punguza kasi ya data.

Muziki wa tabaka

Kuna gemu ambazo muziki wake mmoja ni mafaili matatu au manne yanayopigwa kwa pamoja: ngoma, besi, melodia, na tabaka la vita linalopandishwa adui akitokea. Utayatambua kwa kuwa yana urefu sawa hadi sampuli ya mwisho na kila moja peke yake linasikika lina pengo. Ukibadilisha moja tu, utapata nyimbo mbili zinazogombana. Weka wimbo wako kwenye tabaka linalosikika wakati wote, na mengine uyajaze kimya cha urefu uleule:

`ffmpeg -f lavfi -i anullsrc=r=44100:cl=stereo -t 96 -c:a libvorbis -q:a 1 kimya.ogg`

Usiyafute mafaili. Gemu isipolikuta faili inalolitarajia inaweza kujifunga.

Yanapokwama

Hakuna kilichobadilika ingawa jina ni sahihi: Windows huficha viendelezi, na faili lako huenda linaitwa `wimbo.ogg.ogg`. Washa uonyeshaji wa viendelezi kwanza. Kama gemu imo ndani ya Program Files, hakikisha nakala iliruhusiwa kwa haki za msimamizi na ikafika kweli. Linganisha tarehe ya faili.

Gemu inakwama sekunde moja wimbo unapoanza: huenda inaufungua wimbo wote kwenye kumbukumbu badala ya kuusoma kidogokidogo. Dakika 3 za stirio zikifunguliwa ni megabaiti 32 hivi. Dakika 10 ni 106. Fupisha mzunguko.

Wimbo unasikika mara moja kisha kimya: tarakimu ya mwisho wa mzunguko imepita urefu wa faili, au kifurushi kinasubiri urefu wa wimbo wa zamani.

Ukitaka kuwapa wengine kazi yako, toa wimbo ulioutunga mwenyewe au wenye leseni inayoruhusu, kama CC0, au CC BY ukimtaja mtunzi. Mafaili ya asili ya gemu usiyasambaze hata kama umeyabadilisha nusu. Na anayerusha michezo yake YouTube akumbuke kwamba muziki alioununua kwa ajili ya masikio yake tu unatambuliwa na mashine; kabla ya kurekodi, rudisha folda ya akiba ya hatua ya 2.